Maji ya Kuoshea Kobe

Tangu nirudi kutoka ng'ambo ya ziwa, wenzangu wa karakana, hamnipi nafasi ya kumeza tonge. Huyu amesikia nimezamisha gari la Bwana Madavji ziwani. Yule anasema nimefukuzwa Pasiansi kwa fimbo. Mwingine, na huyu jina namjua ila nitamsitiri, anaeneza kwamba nimeiba mlango. Nimechoka kukanusha huku ugali umejaa mdomoni. Basi nimetafuta karatasi, nimekaa, nimeandika yote tangu mwanzo, na anayejua kusoma awasomee wenziwe. Habari za barua na vibali naziruka, maana zilinichosha nikiwa nazo mkononi, sembuse kuziandika.

Kobe na wenyewe

Vijana mlioingia karakana juzi hamumjui Kobe, kwa hiyo nianzie hapo. Bwana Madavji ni mnunuzi wa pamba, Mhindi wa mtaa wa Pasiansi, hapa Mwanza. Zamani alikuwa na lori kuukuu ambalo halikufaa tena kubeba marobota. Akamwita marehemu mwalimu wangu, nami nikiwa fundi mdogo, akataka tumjengee juu ya lile lori chumba kizima cha mbao za mvule. Tukaweka vitanda viwili vya kukunja, kabati, jiko la mafuta ya taa, madirisha mawili, na paa la turubai lililopakwa lami. Kila mwaka masika yakiisha, familia ilipanda humo ikaenda kupunga upepo kandokando ya ziwa, na usiku wakalala humo humo. Watu walipoona gari linalotembea na nyumba yake mgongoni wakaliita Kobe, na sisi tunamsema kama mtu.

Walikuwa na mtoto mmoja, Lila. Tulipokuwa tukijenga alikuwa na miaka minane, na kila siku alikuja kutusimamia zaidi ya baba yake. Akaniomba nimtengenezee rafu yake mwenyewe, chini, kwa kimo chake, karibu na mlango wa nyuma. Haikuwamo katika mchoro. Mwalimu wangu alinikaripia, nami nikaitengeneza alipokwenda kula.

Lila aliolewa Kisumu wakati mimi niko machimbo ya dhahabu nikifanya kazi ya useremala, kwa hiyo harusi yake sikuiona. Mwaka juzi zikaja habari kwamba amefariki akijifungua, yeye na mtoto. Bwana Madavji hakuweza kumtazama Kobe tena, akampeleka ng'ambo kwenye ghala lake la pamba Sengerema. Masika mawili yakapita. Na Mama Lila, tangu siku ile, hakuvuka lango la ua wake. Wala si kwa ugonjwa, alikuwa hatoki tu.

Mwaka huu sikukuu yao ya taa ikakaribia. Mnajua wenyewe Wahindu wakati huo wanavyosafisha: nyumba, duka, makufuli, hata funguo. Mama Lila akamwambia mumewe neno moja, "Mlete Kobe nyumbani." Bwana Madavji akaja karakana mbio, kofia mkononi. Yeye alikuja nchi hii akiwa mtu mzima, na Kiswahili chake kinachechemea.

"Fundi Mabula, wewe jenga, wewe safisha," akasema. "Mama nataka panda Kobe sikukuu. Mimi nataka ile gari ang'ara kama sahani. Kama mama toka nje hata siku moja, mimi shukuru Mungu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nanyi mnanijua kwa usafi, naosha hata msumari uliopinda. Sifa hizo ndizo zilizoniponza.

Mwanza hadi Kamanga

Nilipewa dereva, Sefu, Mmanyema wa Ujiji, ambaye amemwendesha Kobe tangu siku ya kwanza. Sefu ananizidi umri, kwa hiyo kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, halafu tukagombana kutwa nzima. Tulipanda mashua pamoja na randa, misumari, lami, pipa la mafuta ya gari, na sabuni ya mche nusu sanduku.

Upepo ulikuwa mzuri hadi katikati, kisha ukalala. Tukakaa pale juani mpaka mama mmoja mwenye kapu la kuku akauliza sabuni yote ile ni ya maiti gani. Nikamwambia ni ya kuosha gari. Akanitazama, akamgeukia jirani yake, akasema kwa Kisukuma kwamba nikirudi nyumbani wanitafutie mganga. Alidhani sielewi. Nikamjibu kwa Kisukuma hicho hicho, na mashua nzima ikaangua kicheko. Tulifika Kamanga alasiri, sisi wawili tuna njaa, na mama yule yule akanigawia michembe, viazi vitamu vya kukaushwa.

Kamanga hadi Sengerema

Lori la pamba tuliloahidiwa halikuwapo. Karani wa Kamanga alisema litakuja kesho. Kesho yake akasema litakuja kesho. Siku ya tatu tukaacha pipa kwake lije na lori, tukafunga mizigo iliyobaki, tukatembea.

Tulilala njiani kwa mzee mmoja aliyetupokea vizuri sana. Alitushikia jogoo akamchinja mwenyewe, kwa furaha, kabla hatujaketi. Sefu akaniuliza pembeni, "Amechinja nani?" Nikamwonyesha mwenyeji wetu, ambaye alikuwa na hirizi tatu na hakuna hata moja ya msikiti. Sefu ni mwislamu wa kweli. Akasema tumbo linamsumbua, akaomba maziwa mgando. Mwenye nyumba akasikitika, akaniwekea mimi fungu la Sefu juu ya langu. Nilikula kwa adabu mpaka nikashindwa kuinama kuvua viatu. Kesho yake Sefu hakunisemesha mpaka jua lilipokuwa utosini.

Sengerema: siku nne na popo

Kobe alikuwa amesimama nyuma ya ghala, chini ya bati lenye matundu, magurudumu yamelala kabisa. Nilipofungua mlango wa nyuma, popo walitoka kwa wingi hata nikakaa chini bila kupenda. Sefu alikuwa tayari kule barabarani.

"Mimi nyoka naua," aliniambia kwa mbali. "Simba nimeona kwa macho. Popo siwezi. Ndani ni kwako, fundi. Mimi injini na magurudumu."

Tukagawana hivyo, na mgawanyo huo muukumbuke. Kwa siku nne Sefu alifumua magurudumu, akaziba mipira, akamimina grisi, na lori lilipoleta pipa letu akatia mafuta, akazungusha hendeli mpaka Kobe akakohoa na kuwaka. Mimi nilitoa magodoro ya sufi ambayo panya walikuwa wamefanya mji, nikayachambua na kuyaanika. Mchwa walikuwa wamekula kipande cha sakafu upande wa kushoto, nikakikata na kutia ubao mpya. Paa lilikuwa limepasuka mahali pawili. Nikashona turubai, nikachemsha lami, nikapaka. Kinyesi cha popo nilikitoa kwa koleo.

Kilichobaki ni kuta za ndani. Zilikuwa nyeusi kwa ukungu na uchafu wa popo, hata rangi yetu ya maziwa ya zamani huioni. Nilitaka kuziosha pale pale, lakini kisima cha Sengerema mwishoni mwa kiangazi ni aibu kukitazama. Akina mama walipanga mitungi tangu alfajiri, na kila mmoja alipata nusu. Nikaona haya kuomba maji ya watu ya kunywa nikaoshee gari la starehe. Nikamwambia Sefu, "Ndani nitamwosha tukifika ziwani, maji huko hayana mwenyewe." Sefu akasema ni sawa. Wala hakuchungulia ndani, harufu ya popo ilikuwa bado imo.

Sengerema hadi Kamanga

Kurudi tulidhani tutatumia asubuhi moja. Tulitumia kutwa.

Kwanza, mpishi wa ghala alinipa zawadi ya kambare wa kukaushwa, mkubwa kama mkono wangu. Sefu akakataa katakata asiingie ndani. Bwana Madavji na mkewe hawali nyama wala samaki, na Kobe ni jiko lao. "Hata harufu, fundi," akasema. Nilikubali, desturi hiyo naijua. Nikamfunga kambare nje, kwenye taa ya mbele, na mwewe wawili wakatufuata nusu ya njia. Nilijiona mtu mwerevu ninayezijua mila za wenye gari.

Pili, kwenye kijiji kimoja tulisimama kutia maji katika rejeta, na kabla Sefu hajafunga kifuniko, mwanangwa, mkubwa wa kijiji, alikuwa amekwisha panga akina mama na watoto mstari mrefu mbele ya mlango wa Kobe. Walidhani ni gari la daktari wa chanjo. Tukasema sivyo. Mwanangwa akasema kila daktari husema sivyo mwanzoni ili watoto wasikimbie. Ikabidi nifungue mlango, waone vitanda na jiko. Bibi mmoja akachungulia, akauliza, "Sasa mtu mwenye nyumba anakwenda kulala barabarani kwa nini?" Nadhani hata Bwana Madavji hana jibu la hilo. Wakatupa karanga, tukaondoka.

Kamanga, siku ya tishari

Gari huvushwa kwa tishari, lile jahazi bapa la kubebea marobota linalovutwa na boti ya moshi. Lakini ulikuwa msimu wa pamba, na pamba haingoji mtu. Karani wetu yule yule akasema, "Kesho." Tukamsimamisha Kobe ufukweni, nyuma yake imeelekea ziwani, jirani na kibanda cha mama mmoja aliyepika sato na ugali wa muhogo kwa wapakizi. Aliitwa Mama Shija. Aliniamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, nikamjibu, na kuanzia hapo tukawa ndugu.

Zilibaki siku mbili kabla ya sikukuu. Asubuhi Sefu alikwenda kumfuatilia karani, nami nikakunja suruali. Nilichota ndoo kwa ndoo. Nilisugua kuta kwa sabuni na majivu, kuanzia darini kushuka chini, na kila ndoo iliyochafuka niliimwaga kupitia mlango wa nyuma, ikaenda ziwani. Maji yalitoka meusi, kisha kahawia. Nilipofika kwenye ile rafu ya chini karibu na mlango nilifurahi. Nikasema hapa ni pa Lila, hapa patang'ara kuliko pote. Nikachukua mchanga laini, nikasugua ukuta juu ya rafu mpaka mkono ukaniuma. Maji yakatoka mekundu. Nikadhani ni kutu ya msumari, nikaongeza sabuni. Ndoo tatu zilitoka nyekundu, na zote nilizimwaga ziwani nikiimba.

Sefu alirudi mchana na habari njema kwamba tishari letu ni kesho asubuhi. Sasa ndani mlikuwa mkinukia sabuni, kwa hiyo akapanda. Alitazama dari, akatazama sakafu, akatikisa kichwa kwa kunisifu. Halafu akageukia mlango, akasimama.

"Fundi," akasema taratibu, "mikono iko wapi?"

"Mikono gani, kaka?"

Akakaa juu ya kitanda. Ndipo akanieleza. Binti wa kwao akiolewa, siku ya kutoka kwa wazazi huchovya viganja vyote viwili katika rangi nyekundu, akaviweka ukutani, na hiyo ndiyo kwaheri yake. Hapafutwi. Nyumba ya Pasiansi wakati ule ilikuwa ya kupanga, na Lila akasema hataki kuacha mikono yake kwenye ukuta wa mtu mwingine. Kobe alimpeleka bandarini kupanda meli ya Kisumu. Kabla ya kushuka, akiwa na nguo zake zote za harusi, akaiweka mikono yake pale, juu ya rafu yake.

"Mimi nilikuwa kwenye usukani," Sefu akasema. "Mama yake alilia hata akakaa chini hapo mlangoni. Na alipofariki, ndipo Bwana akalileta gari huku, maana mama alikuwa halali nyumbani, analala humu, mkono wake juu ya ile mikono. Mimi nilijua unajua, fundi. Mji mzima unajua."

Mji mzima, isipokuwa fundi mmoja aliyekuwa chini ya ardhi akiweka nguzo za mgodi. Nikaelewa sasa kwa nini mama yule alimtaka Kobe. Hakutaka kupunga upepo. Alitaka ile mikono, na mimi nilikuwa nimeisugua kwa mchanga. Nawaambia wazi, nililia. Niliona haya, niliona hofu, na zaidi ya vyote nilimwonea uchungu yule mtoto wa miaka minane aliyekuja kunidai rafu.

"Maji yakimwagika hayazoleki," Sefu akasema, lakini sauti yake haikuwa ya kunisimanga.

Mchana mzima tulikaa bila kula. Jioni jua halijazama Sefu akaja na kopo. Alikuwa ameomba kwa karani rangi nyekundu ya kuandikia marobota. Hakunitazama usoni. "Mkono wa mwanamke ni mkono wa mwanamke," akasema. "Mama anataka kuona mikono, aione. Dhambi ni yetu, furaha ni yake."

Na mimi nilikubali. Msinitolee macho, hata ninyi mngekubali. Tukamwita Mama Shija, ambaye mikono yake ni midogo, tukamweleza yote. Alisikiliza, akakausha viganja vyake kwenye kanga, akapanda. Nikamshikia kopo. Akachovya mkono mmoja, akauinua, rangi ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko, akausogeza karibu na ukuta. Akaubakisha hapo hewani.

"Hapana," akasema.

"Mama Shija, tusaidie," nikamwambia.

"Mimi nimezika wawili kabla ya Shija. Kidole kidogo cha yule wa kwanza kilikuwa kimepinda hivi, kama cha baba yake. Mngeniletea mkono wa mtu mwingine mkaniambia ni wake, ningewajua, na nisingewaamini tena maisha. Mwambieni mmeosha. Mwambie wewe mwenyewe, mdomo ni wako."

Akashuka, akaenda kunawa ziwani. Baadaye akatuletea sato na ugali, akasimama juu yetu mpaka tukala.

Kuvuka

Siku nyingine ningewasimulia sana habari za kuvuka: jinsi mbao za kupandishia zilivyolia chini ya Kobe, jinsi wapakizi kumi na wawili walivyomsukuma wakiimba, na jinsi boti ilivyozimika moto karibu na miamba tukaelea huku nahodha akimtukana mchochea moto kwa lugha nne. Sikuyaona vizuri. Nilikaa ndani, mbele ya rafu, nikijifunza maneno ya kumwambia Mama Lila. Nilianza na "Mama, ajali haina kinga," nikaona ni uongo, maana ajali ile nilikuwa nikiiimbia. Nikajaribu mengine kama kumi. Kambare wangu alianguka majini kwenye mawimbi, wala sikuuliza.

"Ukitaka nitasema mimi," Sefu akaniambia tulipoiona Mwanza.

"Mdomo ni wangu," nikamjibu.

Pasiansi

Ua ulikuwa umefagiwa, na mlangoni mwa nyumba walikuwa wamechora maua kwa unga mweupe na wa rangi. Bwana Madavji alimzunguka Kobe akimpapasa kila upande, akicheka na kufuta macho. "Sahani!" akasema. "Kweli, fundi, sahani!" Nilitamani ardhi inimeze.

Kisha Mama Lila akatoka. Amekonda sana. Alikuwa peku, amebeba sinia lenye taa ndogo, maua ya manjano, na kibakuli cha ile ile rangi nyekundu, maana katika sikukuu hiyo magari na vyombo hutiwa alama ya baraka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mabula. Umechoka sana." Yeye amezaliwa Mwanza hii hii, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu. "Popo wamekusumbua?"

"Wamenisumbua, Mama. Mama, kabla hujapanda nina neno." Sefu alikuwa ameinamia gurudumu lisilo na tatizo lolote. "Nimeosha kuta za ndani. Palikuwa peusi, sikuona kitu, na habari za harusi sikuwa nazo. Nimesugua juu ya rafu ya Lila. Nimeifuta mikono yake, Mama. Ni mimi, si Sefu."

Bwana Madavji alinikamata shati kifuani. "Wewe futa nini? Nani ambia wewe gusa ile?" Aliyeniambia gari ling'are ni yeye, na neno hilo lilifika ncha ya ulimi nikalimeza.

Mama Lila aliweka sinia kwenye ngazi, akapanda. Tulimwona akipiga magoti mbele ya rafu na kuweka kiganja chake juu ya ubao mtupu. Nilisikia analia, kilio kidogo, cha mtu aliyekwisha lia sana. Mumewe bado alikuwa ameshika shati langu, nadhani alikwisha kusahau kwamba amelishika.

Halafu, bila kugeuka, Mama Lila akauliza, "Maji uliyamwaga wapi?"

Sikumwelewa. "Maji gani, Mama?"

"Uliyooshea mikono. Uliyamwaga wapi?"

"Ziwani, Mama. Kamanga, pale ufukweni."

"Yalikuwa mekundu?"

"Mekundu. Ndoo tatu."

"Yote ziwani? Hayakumwagika njiani, watu wakakanyaga?"

"Yote, Mama. Mlango ulielekea majini."

Akashuka ngazi, akakaa kwenye ya mwisho, kando ya sinia. "Mama haendi kwenye moto wa kumchoma mwanawe," akasema, na alisema nami, si na mumewe. "Hiyo ni desturi yetu. Walimchoma kule Kisumu, na majivu wakayatia ziwani, wanaume wa kwa mumewe. Mimi nililetewa barua. Karibu miaka miwili mtoto wangu amekuwa majini, na mikono yake nimeishikilia huku. Nilikuwa sina nguvu ya kuiachia." Akatazama upande wa ziwa. "Ziwa ni hili hili, Mabula."

"Ni hili hili, Mama."

Akasimama na sinia lake, akavuka ua, akapita lango. Alipita lango lile peku, mbele ya macho yetu, kana kwamba alilipita na jana. Bwana Madavji aliniachia shati akamfuata, nasi tukafuata kwa mbali. Kutoka nyumbani kwao hadi majini si mbali. Aliingia mpaka maji yakafika magotini, akaweka maua juu ya maji, moja moja. Ua la kwanza wimbi lilimrudishia. Akalisukuma tena kwa mkono, likaenda. Kisha akachovya kidole kwenye ile rangi nyekundu, akakiosha ziwani. Mumewe alikuwa amesimama kwenye mchanga akilia kwa sauti, na kwa mara ya kwanza ni yeye aliyekuwa akilia na mkewe akimwangalia.

Tuliporudi Mama Lila alimtia Kobe alama nyekundu mbele, akamwambia Sefu awashe. Yeye na mumewe walikwenda hadi Kayenze, kandokando ya ziwa, wakarudi usiku kwa taa.

Kwa hiyo sikufukuzwa, wala gari halikuzama. Habari ya mlango ndiyo hii: kesho yake Mama Lila aliniita, nikadhani hasira sasa imefika, kumbe mlango wa nyuma ulikuwa unalia na komeo limelegea. Niliung'oa, nikauleta karakana begani, na aliyeniona akaniona mwizi. Jana nimeurudisha. Mama Lila alikuwa amekaa ndani ya Kobe akimenya njegere, madirisha yote wazi, na kwenye ile rafu ya chini ameweka taa moja ndogo. Nikafunga mlango, nikaufungua, haukulia. Nikamwuliza kama kuna kazi nyingine.

"Mwakani kabla ya sikukuu, utamwosha wewe tena," akasema. "Na maji, Mabula, usiyamwage uani."

"Sitayamwaga uani, Mama," nikamwambia, nikakusanya vyombo vyangu.